Jinsi ya kuuliza kuhusu dawa za kukinga ubongo wa mtoto njiti

Mke wangu alisema mwili unamuwaka kama aliyemwagiwa maji ya moto. Mimba ilikuwa ya wiki 29, presha imepanda, uso umevimba, na sista alikuwa anamsukumia dawa polepole kwenye mshipa wa mkono. "Vumilia mama, ndivyo inavyofanya," akamwambia, kisha akamgonga chini ya goti kwa kinyundo na kuandika kwenye karatasi. Nilijua ni dawa ya kifafa cha mimba. Nilichokuwa nikimwomba Mungu ni mke wangu asiingie kwenye degedege. Wiki kadhaa zilipita ndipo nikaambiwa kwamba dawa hiyohiyo, magnesiamu salfeti, hutolewa pia ili kukinga ubongo wa mtoto aliye tumboni, na kwamba kati ya zote nilizokuwa nikizisaka usiku kwenye simu, ni chache mno zenye ushahidi wa kuifikia. Nilipoanza kuuliza "hakuna dawa?", ilikuwa imeshatolewa na kumalizika.

Binti yetu alizaliwa na gramu 1,080. Siku ya tatu daktari aliweka kifaa cha ultrasaundi juu ya utosi wake, akatazama kwa muda bila kusema neno, halafu akatuita pembeni. Damu imevuja ndani ya ubongo upande wa kushoto, daraja la nne. Mimi ni mwalimu wa hesabu wa sekondari, na ninapozidiwa na jambo huwa nachukua daftari. Haya ninayokuandikia ndiyo yaliyobaki kwenye daftari lile baada ya kufuta mengi. Yatakusaidia kuuliza na kuelewa unachojibiwa. Usiyatumie kumpa mtoto chochote kwa mkono wako: dawa zote nitakazozitaja hutolewa na daktari, kwa kipimo cha mtoto ambaye gramu mia moja kwake ni sehemu ya kumi ya mwili.

Anza na jeraha, usianze na dawa

Usikubali kuondoka na neno "ubongo umeathirika" peke yake. Uliza: "Daktari, samahani, ni damu iliyovuja, au ni sehemu nyeupe ya ubongo iliyokosa hewa na damu, au ni yote mawili?"

Katika ubongo wa njiti, pembeni mwa vile vyumba vyenye maji, kuna eneo la chembe changa lenye mishipa myembamba mno. Eneo hilo hujiondokea lenyewe mimba inapokaribia kutimia. Mtoto akizaliwa kabla, presha yake ikipanda na kushuka, mishipa ile hupasuka. Mara nyingi hilo hutokea ndani ya siku tatu za kwanza. Madaktari huhesabu daraja la kwanza hadi la nne: la kwanza damu imebaki palepale ilipoanzia, la pili imeingia kwenye vyumba, la tatu vyumba vimetanuka kwa wingi wake, la nne nyama ya ubongo iliyo pembeni nayo imeumia. Aina ya pili ya majeraha ni ya sehemu nyeupe, zinakopita nyuzi za mawasiliano. Kati ya wiki 24 na 32 kule kuna chembe changa zinazojiandaa kuzivisha nyuzi hizo ala ya mafuta, na chembe hizi hazistahimili kukosa oksijeni wala uvimbe wa maambukizi. Uharibifu wake hauonekani haraka. Vishimo vikitokea kwenye picha, huwa ni baada ya wiki mbili hadi nne. Ndiyo maana mtoto mwenye picha safi siku ya tatu huitwa tena kupigwa nyingine. Usidhani wamekosea mara ya kwanza.

Kwa nini nakung'ang'aniza hapa? Kwa sababu dawa inayozuia mshipa usipasuke haina kazi kwa mshipa uliopasuka juzi. Nilipoteza usiku mwingi nikisoma kuhusu dawa ambazo muda wake kwa binti yangu ulishapita.

Gawa ukurasa kwa muda

Chora safu tatu: kabla hajazaliwa, siku zake za kwanza, na wiki zinazofuata. Kila jina la dawa utakalolisikia, liweke kwenye safu yake kabla ya kusoma zaidi. Utashangaa: safu ya kwanza ina majina mawili tu lakini ndiyo yenye nguvu, na safu ya tatu imejaa majina mazuri yenye matumaini mengi na ushahidi mchache.

Kama mama bado hajajifungua na anaelekea kujifungua njiti, basi acha kusoma hapa kwanza, nenda ukaulize mambo mawili.

La kwanza ni magnesiamu. Shirika la Afya Duniani linaishauri kwa mama anayetarajiwa kujifungua karibuni kabla ya wiki 32. Kwa kawaida huanza na gramu 4 polepole kwenye mshipa, halafu gramu moja kila saa. Ile hali ya kuwaka mwili ni ya kawaida. Kisicho cha kawaida ni goti kuacha kuruka linapogongwa, pumzi kupungua, au mkojo kukauka. Ndiyo sababu sista anagonga goti kila mara, na ndiyo sababu dawa ya kuizima, kalsiamu glukoneti, huwekwa karibu. Ukiona mama anasinzia kupita kiasi au anahema kwa shida, ita mtu palepale, usione haya.

La pili ni sindano za steroidi, betamethasoni au deksamethasoni. Zilianza na utafiti wa Liggins na Howie huko Nyuzilandi, walioutangaza mwaka 1972, na wengi wanazijua kama sindano za kukomaza mapafu. Ni kweli, lakini pia hupunguza damu kuvuja kwenye ubongo. Betamethasoni ni miligramu 12 mara mbili, kwa tofauti ya saa 24. Deksamethasoni ni miligramu 6 mara nne, kila baada ya saa 12. Utafiti wa Shirika la Afya Duniani uliotolewa 2020, kwa wajawazito 2,852 wa Bangladesh, India, Kenya, Nigeria na Pakistan, ulionyesha kuwa deksamethasoni ilipunguza vifo vya watoto wachanga. Uliza: "Mama amepata sindano ngapi, na ya mwisho saa ngapi?" Andika jibu, kwa sababu zamu ya usiku ikibadilika utaulizwa wewe.

Halafu kuna jambo lililonifundisha kuheshimu zile safu tatu. Deksamethasoni hiyohiyo, mtoto akipewa mwenyewe mapema ndani ya wiki ya kwanza baada ya kuzaliwa ili kusaidia mapafu, iliongeza mtindio wa ubongo (ulemavu wa viungo na mijongeo unaotokana na ubongo kuumia) katika tafiti. Jina ni moja, safu ni mbili, na matokeo yanapishana kabisa.

Swali linalozidi mengine yote

Hili nililiandika kwa kalamu nyekundu: *Watoto waliopewa dawa hii walikuwaje walipofika miaka miwili?*

Picha ya ubongo si mtoto. Sentensi hiyo daktari wetu aliisema mara moja tu, nami sikuielewa mpaka nilipoweka dawa mbili upande kwa upande.

Dawa ya kwanza ni indomethasini. Ukiisoma juu juu, ndiyo ungeitaka kuliko zote: hutolewa saa za mwanzo, na kweli inazuia damu kuvuja. Utafiti uliotoka 2001 uliwahusisha watoto 1,202 waliozaliwa na gramu 500 hadi 999. Uvujaji mkubwa ulishuka kutoka 13 kati ya 100 hadi 9. Ungedhani sherehe ianze. Walipofika miezi 18, waliofariki au kupata ulemavu walikuwa 47 kati ya 100 kwa waliopewa dawa, na 46 kwa wasiopewa. Picha zilipendeza, maisha ya watoto hayakubadilika.

Ya pili ni ile magnesiamu. Katika utafiti mkubwa wa Marekani uliotangazwa 2008, wenye wajawazito 2,241, dawa haikupunguza damu kuvuja kwenye ubongo. Kwa kutazama picha tu, ungeitupa. Lakini watoto walipokua, mtindio wa ubongo wa kiwango cha kati na kikali ulikuwa asilimia 1.9 kwa waliopewa, dhidi ya 3.5 kwa wengine. Vifo havikubadilika.

Kwa hiyo mtu akikuambia dawa fulani "imeonyesha matokeo mazuri kwenye MRI" au "kwenye damu" au "kwa panya", mshukuru, kisha rudi kwenye kalamu nyekundu.

Na hapa nikuombe uvumilie ualimu wangu kidogo. Kutoka 3.5 hadi 1.9, mmoja atakuambia imepunguza karibu nusu, mwingine atakuambia imeokoa chini ya watoto wawili katika kila mia. Wote wamesema kweli. Wewe andika namba zote mbili kila mara, ya waliopewa na ya wasiopewa, ndipo utajua umesimama wapi. Tafiti tano za magnesiamu zilipojumlishwa, hesabu ilikuwa hivi: wajawazito 63 wapewe dawa ili mtoto mmoja aepuke mtindio. Huyo mmoja hana jina. Wengi wa wale 62 wangekuwa salama hata bila dawa, na wachache wangepata mtindio hata kwa dawa. Binti yangu alipata dawa yenye ushahidi mzuri kuliko zote na bado ubongo wake uliumia. Kwa muda mrefu nilidhani hiyo ina maana kuna mtu aliyekosea kipimo. Nilimuuliza daktari hivyo hivyo, kwa sauti ambayo sikuipenda baadaye, na alinichorea wale wajawazito 63 kama vidoti kwenye daftari langu bila kukasirika.

Safu ya pili: kafeini

Ndiyo, kafeini. Sista alipoitaja nilimwangalia nikidhani sijasikia vizuri. Njiti husahau kupumua, na kafeini sitreti huamsha kituo cha pumzi kwenye ubongo. Ilijaribiwa kwa kusudi hilo kwa watoto 2,006 wenye gramu 500 hadi 1,250, na matokeo ya 2007 yakaleta jambo kubwa kuliko lililotarajiwa: walipofika miezi 18 hadi 21, waliofariki au kupata ulemavu walikuwa asilimia 40.2, dhidi ya 46.2 kwa wasiopewa, na mtindio wa ubongo ulikuwa 4.4 dhidi ya 7.3. Tofauti ya jumla ilififia walipofika miaka mitano, lakini hata walipofika 11 waliopewa kafeini walikuwa na shida ndogo ya viungo na mijongeo.

Kipimo cha kuanzia katika utafiti ule kilikuwa miligramu 20 kwa kila kilo, kisha 5 hadi 10 kila siku. Usije ukawaza kwamba zaidi ni bora. Utafiti mdogo uliojaribu kuanza na miligramu 80 kwa kilo ulikuta damu nyingi zaidi ikivuja kwenye sehemu ya nyuma ya ubongo, ile inayoshika mizani ya mwili. Uliza tu: "Anapata kafeini? Tangu lini? Mapigo ya moyo yakipanda mnafanyaje?"

Vitamini E kwa safu hii nilifuta. Ilipunguza uvujaji wa damu lakini ikaongeza maambukizi kwenye damu, na maambukizi kwa njiti ni adui wa ubongo vilevile.

Safu ya tatu, iliyoninyima usingizi

Hapa ndipo utakapokaa ukiwa umeshaambiwa "ameumia". Ningependa kukuambia kuna dawa ya kurudisha kilichoharibika. Kwa sasa hakuna iliyothibitishwa. Kuna zinazotafutwa, na tuzitaje.

Eritropoietini, au EPO kama wanavyoifupisha wodini, ni homoni inayojulikana kwa kuongeza damu. Kwa wanyama ilikinga chembe za ubongo vizuri sana. Nilimkimbilia daktari nayo asubuhi moja, nimechapisha kurasa nne. Akaniketisha. Utafiti wa Marekani uliotangazwa 2020 uliwapa EPO ya kipimo kikubwa watoto waliozaliwa kati ya wiki 24 na 28, walikuwa 941. Walipofika miaka miwili, waliofariki au kupata ulemavu mkubwa walikuwa asilimia 26 kwa waliopewa, na asilimia 26 kwa wasiopewa. Utafiti wa awali kutoka China, wa watoto 800 na kipimo kidogo zaidi, ulikuwa umetoa jibu zuri. Ule wa Uswisi haukuona tofauti. Ndiyo maana utakuta kurasa zinazopingana, zote zikiwa za kweli. Zikipingana, egemea ule wa watoto wengi zaidi uliowafuatilia hadi wakakua, na kumbuka kuuliza watoto wale walizaliwa wiki ya ngapi.

Mafuta ya DHA, yale yanayopatikana kwenye samaki, yana habari ya aina nyingine. Watoto waliozaliwa kabla ya wiki 29 waliopewa miligramu 60 kwa kilo kwa siku walikuwa na alama za akili zilizo juu kwa takribani 3.5 walipofika miaka mitano. Hilo lilitangazwa 2022. Lakini katika utafiti huohuo, ugonjwa sugu wa mapafu haukupungua kama ilivyotarajiwa, na kulikuwa na dalili kwamba uliongezeka. Daktari ndiye apime hayo mawili. Tafadhali sana, usimdondoshee mtoto mafuta ya samaki mdomoni. Njiti hupaliwa kwa tone moja.

Melatonini, ile homoni ya usingizi, bado inachunguzwa kwa njiti. Kupoza mwili kunawasaidia watoto waliokaribia kutimiza miezi waliokosa hewa wakati wa kuzaliwa. Usiombe mtoto wa wiki 27 apozwe, kwake baridi ni hatari.

Kama damu imeziba njia na maji yanajaa kichwani, utasikia habari mbili. Dawa za kupunguza maji, asetazolamidi pamoja na furosemidi, zilijaribiwa kwa watoto 177, na matokeo ya 1998 yakaonyesha waliopewa walifanya vibaya zaidi: wengi zaidi walifariki au kuhitaji kuwekewa mpira wa kupitisha maji kutoka kichwani. Ukiandikiwa kwa ajili hiyo, uliza kwa heshima sababu yake. Upande wa pili, madaktari wa Bristol, Uingereza, waliwaosha watoto vyumba vya ubongo kwa maji maalumu baada ya kuweka dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda. Watoto wote katika utafiti, waliooshwa na wasiooshwa, walikuwa 77 tu, na majaribio yalisimamishwa mapema kwa sababu damu ilivuja upya kwa baadhi yao. Hata hivyo kati ya waliooshwa, wenye ulemavu mkubwa wa akili walikuwa wachache zaidi walipofika miaka miwili, na faida hiyo ilionekana hata walipofika kumi. Ni kazi ya vituo vichache sana, na si kitu cha kujaribiwa na asiyeizoea.

Seli shina, yaani chembe changa zinazoweza kugeuka kuwa chembe za aina nyingine, nimeziacha mwisho kwa makusudi. Utafiti wa kweli upo, mwingi ukiwa wa hatua za mwanzo zinazouliza tu kama ni salama. Lakini pia nilipigiwa simu na kliniki moja, sitaitaja, iliyoniahidi kuwa binti yangu "atarudi kawaida" nikilipa kabla ya mwisho wa mwezi. Mke wangu alikuwa tayari ameanza kuhesabu vitu vya kuuza. Tulichofanya ni kuwatumia maswali matatu: Utafiti huu umesajiliwa wapi? Kamati gani ya maadili imeuidhinisha? Kwa nini mzazi analipia? Hawakujibu hata moja. Utafiti halali haukuuzii dawa inayojaribiwa.

Ukiombwa mtoto aingie kwenye utafiti

Usione ni tusi, wala usione ni bahati ya kuokota. Dawa zote zenye namba nilizokupa zipo kwa sababu wazazi wenzetu walikubali. Uliza kama mtoto atapangwa kwa kura, kundi la pili litapata nini, nani anaangalia madhara usiku, na kama mnaweza kujitoa bila huduma kubadilika. Halafu uliza kitu ambacho wengi husahau: mtamfuatilia mpaka umri gani? Wakikujibu "mpaka aruhusiwe", hawatajua jibu la kalamu nyekundu, na wewe pia hutalijua.

Ukirudi nyumbani naye

Andika juu ya jalada la daftari tarehe aliyotarajiwa kuzaliwa, maana hatua zake zote zitahesabiwa kutoka hapo. Wetu aliwahi kwa wiki 11. Alipofikisha miezi 9 ya kalenda, tulimhesabia kama mtoto wa miezi sita na nusu, na tukaacha kumlinganisha na wa jirani.

Ni katika miezi hiyo mke wangu alisema kwa furaha, "Huyu atakuwa wa mashoto kama babu yake." Kila kitu alikivuta kwa mkono wa kushoto. Kliniki, daktari aliacha kuandika aliposikia hivyo. Kwa kawaida mtoto hachagui mkono kabla ya kufikisha mwaka. Akichagua, huenda ule mwingine una shida. Damu ilivuja kushoto, mkono wa kulia ndio uliokuwa dhaifu. Tulianza mazoezi wiki ileile: mkono wa kushoto unavishwa soksi kwa dakika chache, kichezeo kinawekwa upande wa kulia, tunasubiri. Siku za kwanza alilia. Siku ya kumi na mbili, nimeiandika, aligusa kijiko.

Sasa ana miaka sita. Anaandika kwa mkono wa kushoto, na wa kulia unashikilia karatasi isiteleze.